Nyuzi za Siku ya Nane

Dada yangu alirudi kutoka Dar es Salaam siku ya saba baada ya kupasuliwa. Nilimpokea asubuhi, maji yakiwa yameanza kupwa. Alishuka kwenye boti ya wanunuzi wa kamba wa baharini akiwa amejikunja kiunoni, mkono mmoja ameukandamiza tumboni juu ya khanga. Alikataa kubebwa. Alipita juu ya mbao zilizotandikwa kwenye tope, hatua moja moja, na alipofika nchi kavu akasimama, akavuta pumzi, akaniambia, "Usiniangalie hivyo. Uvimbe umetoka, nimepona."

Wakati huo nilikuwa muuguzi katika zahanati ya kijiji kimoja cha visiwani, upande wa Salale. Tulikuwa watatu: mganga wa zahanati, mimi, na mama mmoja mhudumu aliyechemsha vyombo kwa jiko la mafuta ya taa. Dada alikuwa ameolewa pale miaka mingi kabla serikali haijanipangia kazi hapo. Alinizidi miaka kumi na mitano. Mama yetu alipofariki, kijijini kwetu Mkongo, nilikuwa bado sijaanza shule. Dada akaja na mumewe, wakanifungia nguo zangu kwenye shuka, wakanichukua. Nililelewa pamoja na wanawe. Kwa hiyo nikisema dada, nisikilizwe kama mtu anayesema mama. Yeye ndiye aliyezoea kuniuliza maswali. Mimi nilizoea kujibu.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, ilimfaa kuliko watu wengi. Zamani kamba walikaushwa juani wakauzwa wakiwa wamesinyaa. Mara wakaja wanunuzi wenye boti za mashine na masanduku ya barafu, wakitaka kamba wabichi, na dada akawa mwanamke wa kwanza kijijini kwetu kukusanya kamba kwa wavuvi na kuwakabidhi wale watu. Alijua kupanga bei, alijua kugomba, na hakuna mvuvi aliyethubutu kumwekea kamba wa jana chini ya kamba wa leo.

Lakini alikuwa amezaa mara saba, na uzazi wa mwisho ulikuwa wa mapacha wakubwa. Tumbo lake halikurudi. Lilining'inia, likafunika kinena, na chini ya ule mkunjo ngozi ililika kila masika. Nililijua hilo kwa sababu tulioga ua mmoja. Nilimpa dawa ya unga, nilimpa marhamu, vidonda vikakauka kisha vikarudi. Alijifunga khanga mbili kwa nguvu kabla ya kutoka nyumbani. Sikumbuki hata siku moja akilalamika. Labda alilalamika mimi nisisikie.

Aliondoka kwenda Dar es Salaam akisema ana uvimbe kwenye kizazi. Shemeji yangu alikubali, maana nani atamzuia mkewe kwa jambo kama hilo. Hospitali za watu binafsi ndiyo kwanza zilikuwa zimeruhusiwa tena, na huko mjini zilifunguliwa kila mtaa. Alikwenda kwenye mojawapo, akakaa, akarudi.

Kesho yake asubuhi, siku ya nane, alikuja zahanati. Mganga wetu alikuwa amekwenda bara kufuata maboksi ya dawa, na hatukujua atarudi lini.

"Nitoe nyuzi," alisema.

"Daktari alisema siku ngapi?"

"Nane."

"Hakukupa karatasi?"

"Alinipa. Imelowa kwenye boti, nimeitupa."

Nikamlaza kitandani, nikafungua bandeji. Nakumbuka vizuri sana kwamba mikono yangu ilisimama. Mshono wa uvimbe wa kizazi niliujua. Nilikuwa nimeuona mara nyingi nikiwa mafunzoni, na urefu wake ni kama shubiri moja. Huu ulianzia nyonga ya kushoto ukapita chini ya tumbo lote mpaka nyonga ya kulia. Tumbo lenyewe lilikuwa bapa, limevutwa kama ngozi ya ngoma. Na kuzunguka kitovu kulikuwa na duara la nyuzi ndogo nyeusi. Hakuna mpasuaji anayegusa kitovu kwa sababu ya uvimbe wa kizazi.

"Dada, mbona kitovu kimeshonwa?"

Aligeuza uso ukutani. "Unafanya kazi au unahoji watu?"

Ilitosha. Ningekuwa na mgonjwa mwingine yeyote ningeweka mkasi chini, ningesema sitoi kitu mpaka nijue kilichofanyika. Lakini sauti ile ndiyo iliyoniamsha kwenda shule miaka yote ya utoto wangu. Nikachukua mkasi na koleo.

Nyuzi zilikuwa za hariri nyeusi. Kwenye mshono wa kawaida wa tumbo, siku ya saba au ya nane uzi umeshamaliza kazi yake. Kingo mbili za ngozi zimelala pamoja, hakuna anayezivuta. Lakini pale ambapo ngozi imekatwa ikaondolewa, na ile iliyobaki ikavutwa kuziba nafasi, kingo zinataka kuachana kila mara mtu anaponyoosha mgongo. Hapo uzi si wa kufungia tu, ndio unaobeba mzigo, mpaka mwili wenyewe uwe na nguvu ya kuubeba. Haya nilikuwa nimefundishwa, ingawa juujuu. Niliyajua kiasi cha kutosha kuogopa, na bado nikakata fundo moja, nikavuta, nikakata la pili.

Katikati ya mshono, upana wa vidole vitatu, ngozi ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau na ilikuwa baridi kuliko kwingine. Niliiona. Nikaipaka iodini, nikafunga bandeji mpya, nikamwambia apumzike.

Siku mbili baadaye boti ya barafu ilifika. Wavuvi walikuwa wamejaa ufukweni na makapu yao, jua kali, barafu inayeyuka, na vibarua wa kubeba walikuwa wawili tu. Nilikuwa nikipima mama wajawazito zahanati nilipomsikia mwanamke anakimbia akiniita.

"Nesi! Nesi, dada yako anamwagika maji!"

Walikuwa wamemwingiza ndani ya nyumba yake. Alikuwa amelala chali juu ya mkeka, macho makavu, uso umebadilika rangi. Baadaye alinisimulia kwamba aliinama kushika ncha moja ya sanduku la barafu, akasikia kitu kama kitambaa kinachanika, bila maumivu yoyote, kisha maji ya uvuguvugu yakamteremka mpaka kwenye nyayo.

Niliwatoa watu nje, nikafungua khanga. Mshono ulikuwa umeachia katikati, urefu wa kiganja changu. Maji ya rangi ya chai hafifu yalikuwa bado yanatoka; yalikuwa yamejikusanya chini ya ngozi siku zote hizo, na mimi nilikuwa nimeliona tumbo limejaa kidogo nikadhani ni uvimbe wa kupona. Ndani niliona mafuta ya njano na chini yake ule utando mweupe unaofunika misuli. Utando ulikuwa mzima. Nilisema Alhamdulillahi kwa sauti, maana kama na wenyewe ungeachia, matumbo yangekuwa mkononi mwangu.

"Nishone," alisema dada.

"Kidonda kilichofunguka hivi hakishonwi hapohapo. Kinasafishwa, kinaachwa wazi, na tunakupeleka hospitali."

"Nishone, mdogo wangu. Shemeji yako anarudi keshokutwa."

Shemeji alikuwa mkata miti ya mikoko. Hiyo ilikuwa siku yake ya tano kambini.

"Akirudi akukute hivi si bora kuliko akukute..." Sikumalizia.

Alinishika mkono. Katika maisha yangu yote dada hakuwahi kunishika mkono akiniomba kitu. "Wewe ndiye uliyezitoa," alisema. "Zirudishe."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja jambo linalojulikana. Lakini liliniingia mahali, na tangu pale sikufikiri tena kama muuguzi. Nilikwenda zahanati nikachukua pakiti ya mwisho ya uzi wa nailoni tuliyokuwa nayo, sindano ya ganzi na maji ya chumvi. Nilikosha kile kidonda, nikachoma ganzi, nikashona.

Nyuzi tano. Ya kwanza ilikata nyama ikatoka, kama unavyotoboa mkate uliolowa chai. Nikachukua nyama pana zaidi, mbali na ukingo, nikakaza. Kila nilipokaza, ukingo wa zambarau uligeuka mweupe, kisha mweusi. Jasho lilinidondoka kwenye kidonda. Nilipomaliza tumbo lilikuwa limefungika, na dada akanishukuru, akafumba macho, na mimi nikaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Kesho yake saa nne asubuhi nilimkuta amejifunika mablanketi mawili kwenye joto la mwezi wa pili, meno yanagongana. Tumbo lilikuwa jekundu mpaka karibu na mbavu, linang'aa. Kingo zilikuwa nyeusi. Na ile harufu ilikuwepo chumbani kabla sijafunua chochote.

Nikakata nyuzi zangu zote tano. Usaha uliruka ukanichafua kifua.

Dada alinitazama nikifanya hivyo, na nadhani aliona usoni mwangu kitu kilichomtisha kuliko homa. Aliinua kidole akaonyesha sanduku la nguo pembeni.

"Fungua. Chini kabisa, chini ya khanga za harusi."

Palikuwa na bahasha, kavu kabisa, imefungwa kwa gundi. Juu yake iliandikwa: kwa mwenzangu yeyote atakayemhudumia mgonjwa huyu. Niliichana nikasoma nikiwa nimesimama. Mpasuaji alieleza kwamba ameondoa ngozi na mafuta ya sehemu ya chini ya tumbo, akakaza misuli kwa hariri, na tabaka la mafuta akalishona kwa ule uzi unaotokana na utumbo wa mnyama, ambao mwili huuyeyusha wenyewe. Aliandika kwamba mgonjwa ameng'ang'ania kuondoka kabla mrija wa kutolea maji haujakauka. Kwamba asinyanyue kitu chochote kwa wiki sita. Kwamba nyuzi za ngozi zisitolewe kabla ya siku ya kumi na nne, na zile za katikati zisubiri mpaka wiki ya tatu. Mstari huo aliupigia mstari chini.

Nikasoma tena.

"Umemaliza?" dada aliuliza.

"Nimemaliza."

"Basi usimwambie shemeji yako."

Nilimchoma penisilini, nikajaza kidonda gozi, ile shashi ya kufungia vidonda, iliyolowa maji ya chumvi, nikamtuma mama mhudumu atafute chombo. Boti ya barafu ilikuwa imeondoka jana. Boti nyingine ya mashine kijijini ilikuwa imefunguliwa injini, vipande vyake vimetandazwa juu ya gunia. Na maji yalikuwa yanakupwa. Kila mtu wa delta anajua maana yake: ukichelewa saa moja, mfereji unabaki tope, na hakuna mgonjwa wala mzima atakayepita mpaka maji yarudi.

Wanaume wanne walikuwa wanamtoa dada ndani kwenye kitanda cha kamba shemeji alipotokea. Alikuwa ameletewa habari kambini kwamba mkewe kamwagika maji, akaacha miti huko, akaja na mtumbwi wake mkubwa wa kubebea boriti. Alikuwa na tope mpaka mapajani. Aliangalia kitanda, akaniangalia mimi.

"Uvimbe umerudi?"

Dada alitikisa kichwa kunionya. Niliona wazi. Na niliona pia kwamba yule mtu alikuwa anakwenda kupiga kasia kwa saa nyingi kuokoa maisha ya mtu ambaye hajui anaumwa nini, na huko hospitali daktari atasoma ile barua mbele yake.

"Haukuwa uvimbe, shemeji," nilisema. "Alikatwa ngozi ya tumbo. Ile iliyokuwa inaning'inia. Mshono umeoza."

Dada alifumba macho. Wanaume walioshika kitanda wakatazama pembeni.

"Ngozi tu?" shemeji aliuliza.

"Ngozi na mafuta yake."

"Kwa ajili ya vile vidonda?"

Nilishangaa. "Ulivijua?"

"Zile nguo alizokuwa akiweka pale chini, nani aliyekuwa akizifua yeye anapokuwa sokoni?" Alisogea akashika ncha ya kitanda mwenyewe. "Angeniambia. Twendeni, maji hayatungoji."

Safari ile sitaki kuirefusha, ingawa yenyewe ilikuwa ndefu. Shemeji na mdogo wake walipiga kasia. Mimi nilikaa kichwani kwa dada nikimnywesha maji yenye sukari na chumvi, kijiko kwa kijiko, na kumwagia gozi maji ya chumvi isikauke. Katikati ya safari mtumbwi uligusa chini. Ulisimama kabisa. Shemeji akaruka, akazama mpaka kiunoni, mdogo wake akaruka upande wa pili, wakausukuma hatua kwa hatua kwenye tope, jua liko utosini, bila kusemezana. Dada alikuwa ameanza kuweweseka. Aliniambia barafu inayeyuka, nifunike barafu. Nikamwambia nimeshaifunika. Nilikuwa nikihesabu mapigo ya mkono wake na kila nilipomaliza nilianza upya, kwa sababu sikupenda nilichopata.

Kwenye gati ya bara tulikuta lori la nazi likitokea upande wa Ruaruke. Dereva alishusha nazi za nyuma kupisha kitanda. Alisema tu, "Pole, mama," na akaendesha mpaka Kibiti akikwepa mashimo kama aliyebeba mayai. Hospitali iliyotupokea ilikuwa mbele kidogo ya hapo.

Daktari alikuwa mtu mfupi, wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Alisoma barua, akafunua kidonda, akanusa, akasoma barua tena. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na tope limemkauka miguuni.

"Hapa imeandikwa siku ya kumi na nne," daktari alisema. "Leo ni siku ya kumi na moja, na hakuna uzi hata mmoja. Nani alitoa nyuzi?"

Dada, ambaye tangu tushuke kwenye lori hakuwa ametamka neno lenye maana, akafungua mdomo. "Nilizitoa mwenyewe. Kwa wembe."

Daktari alimtazama. "Mama, alama hizi hapa pembeni ni za sindano, za jana au juzi. Na hizo ulijishona mwenyewe?"

"Ndiyo."

Nimefikiria mara nyingi kuhusu pumzi chache zilizofuata. Alikuwa ananikinga. Alijua kazi yangu ndiyo maisha yangu, kwamba yeye ndiye aliyenisomesha niipate, na kwamba muuguzi anayeshona usaha anaweza kufukuzwa. Alikuwa na homa ya kuua na bado alikuwa ananifungia nguo kwenye shuka anichukue. Na kuna sehemu yangu, siwezi kuificha, iliyotaka kunyamaza.

"Ni mimi, daktari," nilisema. "Nilizitoa siku ya nane, kabla sijaiona barua. Jana kidonda kilipofunguka, nikakishona tena. Leo asubuhi nikazikata. Yeye ni dada yangu, na mimi ni muuguzi."

Daktari alivua miwani. "Kutoa mapema, hilo naweza kulielewa, hukuwa na barua. Lakini kufungia uchafu ndani ya mtu? Ungemzika dada yako kwa mkono wako."

"Ndiyo, daktari."

"Sema hukujua."

"Nilijua."

Nilisubiri anifukuze chumbani. Badala yake akasema, "Kavae glavu. Muuguzi wangu mmoja ana likizo ya uzazi. Utashika taa na utaona kila nitakachokata."

Niliona. Alimpa dawa ya usingizi, akakata ngozi yote nyeusi na mafuta yaliyooza mpaka akafika penye damu safi. Tundu lililobaki lilikuwa kubwa, unaweza kuingiza mkono. Nilimsubiri achukue uzi. Hakuchukua. Alijaza gozi, akafunga, akasema kidonda kile kitajaa chenyewe kutoka chini kuja juu, na haijalishi kitachukua muda gani. "Uzi unashika vitu vilivyo hai," aliniambia wakati tunanawa. "Hapa kwanza tunataka uhai."

Siku tatu za mwanzo hatukujua kama atapona. Homa ilishuka asubuhi, ikapanda mchana. Shemeji alikaa nje ya wodi juu ya boksi, akiingia kila aliporuhusiwa, na akiingia hakusema mengi. Alimpepea kwa kipande cha kadibodi. Siku ya nne homa ilishuka na haikupanda tena. Dada akaomba uji.

Mganga wetu aliniombea ruhusa nikabaki. Nilibadilisha gozi mara mbili kila siku. Mwanzoni ilitoka ya kijani, kisha ya njano, kisha asubuhi moja ikatoka na doa la damu nyekundu, na chini niliona nyama mpya yenye chembechembe kama punje za komamanga. Nilimwita daktari. Alichungulia, akasema, "Haya," akaenda zake. Nilikaa chini pale pale sakafuni nikalia.

Dada hakusema nami wakati wote huo, zaidi ya "taratibu" na "maji." Alikuwa na hasira, na si kwa sababu ya nyuzi.

"Mbele ya wanaume wanne," alisema hatimaye, siku moja nikiwa nafunga bandeji. "Umemwambia mume wangu mbele ya wanaume wanne."

"Nisamehe, dada."

"Kijiji kizima sasa kinajua nimekwenda Dar kukatwa kitambi."

"Nitawaambia ulikuwa na vidonda. Ni kweli. Ulikuwa unaumwa."

"Nilikuwa naumwa." Alishusha khanga kufunika bandeji. "Nilikuwa nikiinama kupima kamba, nanusa mwenyewe. Nilidhani na wao wananusa. Lakini usiwaambie hivyo tu. Nilitaka pia nijitazame nipendeze. Miaka mingapi nimezaa, nimebeba, nimelea, na wewe ukiwamo. Nilitaka kitu kimoja kiwe cha kwangu mwenyewe. Ndiyo maana nikadanganya, uvimbe na zile siku nane, shemeji yako asikute nyuzi. Ingekuwa ugonjwa mtupu ningesema."

Nilikuwa nimemjua maisha yangu yote na jambo hili halikuwahi kunipita akilini.

Tulirudi kijijini wiki ya tisa. Kidonda kilikuwa kimebaki mstari mwekundu wa upana wa kidole, na mwaka ulipokwisha kikawa kovu pana, linang'aa, limejikunja upande mmoja, na kitovu kimeelekea kushoto. Vidonda vya masika havikurudi tena. Wanawake walisema waliyosema kwa msimu mmoja, kisha wakaanza kumjia mmoja mmoja uani, wakati wa kuoga, kuuliza maumivu yalikuwaje na je, mtu mwenye watoto sita anaweza. Aliwaonyesha kovu lote, hakuwaficha kitu. Sijui kama kuna aliyekwenda.

Nilimwandikia yule mpasuaji wa Dar es Salaam. Nilimweleza niliyofanya, siku kwa siku, sikuacha kitu. Jibu lilichukua miezi. Lilikuwa fupi. Aliuliza ngozi ya katikati ilikuwa na rangi gani siku ile ya nane, kabla sijagusa uzi, na nilipomjibu kwamba ilikuwa ya zambarau na baridi, akaandika tena: "Basi huenda nilivuta ngozi kupita kiasi, na sehemu ile ingekufa hata kama nyuzi zingebaki. Lakini ingekufa polepole, na ingekuwa ndogo. Asante kwa kuniambia."

Nilimsomea dada barua ile. Alikuwa anachambua kamba, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Sasa imekupunguzia?" aliuliza.

"Kidogo."

"Kidogo inatosha. Usitafute yote."

Zile hariri za ndani, zilizokaza misuli, ziliendelea kutusumbua. Hariri haiyeyuki, na mwili ulioguswa na usaha hauisahau. Kila baada ya miezi michache kijipu kidogo kilitokea kwenye kovu, kikapasuka, na ndani yake kuna ncha nyeusi ya fundo. Dada alikuja zahanati, akalala, akaniambia, "Huyo mwingine amekuja." Kabla ya kugusa chochote nilimuuliza: kimeanza lini, kinauma vipi, umenyanyua nini, homa ipo, nani mwingine ameshakigusa. Maswali yote. Mara ya kwanza alikasirika.

"Unanihoji kama askari."

"Nakuhoji kama muuguzi. Jibu, la sivyo sishiki koleo."

Mganga wetu, aliyekuwa akiandika mezani, aliinua macho. Dada akaanza kujibu, swali moja baada ya jingine, polepole na kwa ukamilifu, na nilipomaliza kumsikiliza ndipo nikavaa glavu nikalitoa lile fundo.